Vichuguu Vyeupe vya Barabara ya Kabuta

Mtu anayeanza kupofuka, ni kitu gani kinachomtoka kwanza? Ni vya mbali au vya karibu? Ni rangi, au ni nyuso za watu? Nilikuwa na miaka tisa au kumi nilipomuuliza mwalimu wetu swali hilo, shuleni Nchelenge, naye akataka kujua kama nimemaliza hesabu zangu. Nilikuwa nimezimaliza. Akanituma nikafagie uwanja.

Sikuuliza kwa kupenda kuuliza tu, ingawa hiyo nayo ilikuwa tabia yangu na ilinichosha hata mimi mwenyewe. Niliuliza kwa ajili ya Shikulu. Ndivyo tunavyomwita babu kwa Kibemba, na wangu alikuwa baba yake mama, dereva wa lori la samaki. Alijifunza kuendesha jeshini wakati wa vita, akarudi na koti zito na mazoea ya kulisalimu gari asubuhi kabla ya kumsalimu mtu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akangoja kidogo kana kwamba lori linajibu, kisha ndipo alipouliza chai yake iko wapi.

Chai ilikuwa kwa mama yangu. Mama alikuwa na kibanda cha nyasi kando ya barabara, hapo malori yalipongoja matenga ya samaki wakavu yapakiwe, na madereva wote walikula kwake: ugali wa muhogo, kisamvu, samaki wa asubuhi hiyo. Nyumbani tulisema Kibemba. Kiswahili kilikuwa lugha ya barabarani, ya kuuza na kununua, na ya madereva waliovuka ziwa kutoka upande wa Kongo wakabaki kwetu. Mimi nilijifunzia pale, chini ya benchi na juu ya benchi, na kwa kuwa watu wa ng'ambo wakitaka sababu ya jambo husema "juu ya nini?", nami nikaiga, madereva wakanipa jina hilo. "Juu-ya-Nini, leta maji." "Juu-ya-Nini, usiulize, kula kwanza."

Macho ya Shikulu yalikuwa yameanza kuwa na ukungu. Nyumbani hatukulisema. Mwaka uliotangulia, mwenye lori, mfanyabiashara mwenye duka na yadi, alikuwa amemwondoa dereva mwingine mzee kwenye usukani kwa sababu ya macho, akamweka uani kusuka na kutengeneza matenga. Mzee yule alikaa kwenye kigoda akiipa barabara mgongo. Kila lori lilipokaribia alimtaja dereva wake kwa mlio wa injini, hakukosea hata mara moja, na hakugeuka hata mara moja. Shikulu alimpelekea tumbaku kila Jumapili, na kila Jumapili akirudi hakula.

"Mimi nisiwekwe pale," nilimsikia akimwambia bibi. "Unisikie. Nisiwekwe pale."

Kwa hiyo nilijua anachoogopa. Nisichojua ni umbali uliobaki kati yake na kile kigoda, nami sikuwa mtoto wa kungoja kuambiwa. Nikampima. Nilisimama hatua kumi mbele yake, nikainua vidole.

"Vingapi, Shikulu?"

"Vitatu."

Nikarudi siku ya pili. "Vitatu." Siku ya tatu vilevile. Nikafurahi, nikamwambia mama kwamba Shikulu anaona vizuri kabisa. Mama aliendelea kukoroga sufuria. "Uliinua vingapi siku zote hizo?" Vitatu. Siku zote nilikuwa nimeinua vitatu.

Kulikuwa na jambo jingine, nikaliona wala sikulifikiria. Shikulu hakukosa kamwe mpini wa birika letu, jeusi kwa masizi, lakini chai aliimimina pembeni ya kikombe, mezani, na kikombe kilikuwa kile cheupe cha bati. Mama alipangusa. Mimi nilidhani ni mkono unaotetemeka.

Jumamosi moja ya kiangazi mama alinituma nikachume kisamvu kando ya barabara ya kwenda Kabuta. Yeyote anayeijua nchi ile anajua vichuguu vyake: virefu kupita nyumba, vyekundu, vingine vimeota miti kichwani. Barabara iliwekwa baada ya vichuguu, kwa hiyo ndiyo inayovipisha, inakwenda ikijipinda. Pale niliona lori limeegeshwa, na dereva wake, rafiki mkubwa wa Shikulu, mtu wa ng'ambo mwenye tumbo na sauti ya kanisani, amevua shati, ana ndoo na ufagio. Anakipaka kichuguu pemba, ule udongo mweupe. Nyuma yake barabarani kulikuwa na vingine vitatu, vyeupe pe, vinang'aa kama meno.

"Papa, juu ya nini unapaka?"

Alishtuka hata ufagio ukaanguka. "Ah! Huyu mutoto! Unatoka chini ya udongo?"

"Juu ya nini?"

Akatazama ziwa, akatazama ndoo. "Ndoa," akasema. "Kwetu ng'ambo, shofele, njo dereva, akitaka kuoa, benzake banapaka vichuguu. Bibi-arusi apite njia nyeupe mpaka kanisani. Njo desturi."

"Nani anaoa?"

"Si yule shofele wetu kijana? Anaoa kule Kabuta, mwezi huu unaokuja. Hukusikia?"

Nilikuwa nimesikia. Lakini niliangalia tena. "Mbona umepaka vya upande wa ziwa tu? Vya upande wa mashamba umeviacha."

Hapo akaokota ufagio. "Ziwa njo shahidi," akasema. "Shamba inaweza kusema uongo, kila mwaka iko na sura nyingine. Ziwa hapana. Sasa wende na kisamvu chako, mama yako atanipiga mimi."

Mimi ambaye sikuwahi kumwamini mwalimu kwamba dunia ni duara mpaka nilipoona matanga ya mitumbwi kutoka kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwani kwetu, yakitangulia kuonekana kabla ya mitumbwi yenyewe, nililipokea jibu lile bila kulipima. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ni kwa sababu lilikuwa zuri. Kosa hilo nimelirudia chuoni pia, na watu wazima zaidi.

Wiki mbili baadaye mama alinipeleka Kabuta kwa mchumba wa kijana huyo, maana alikuwa na cherehani na ndiye aliyeshona gauni langu la shule. Nyumba yao ilikuwa pale barabara inapopinda kuelekea ziwa, nyuma ya kichuguu kikubwa kuliko vyote, upande wa mashamba. Ukitoka Kabuta kuja Nchelenge unakwenda moja kwa moja kukielekea kama unataka kukigonga, halafu unakata kulia, unakipitia ubavuni. Alinipima mabega, sindano midomoni, nami nikamweleza kila kitu. Pemba, desturi ya ng'ambo, ziwa shahidi.

Alitoa sindano. "Ni kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Vyote vile?" Akacheka, akajifunika uso kwa kitambaa cha gauni langu. Kisha akachungulia dirishani. "Sasa hiki chetu mbona wamekiruka? Kiko mlangoni pangu mimi mwenyewe!"

"Labda pemba iliwaishia," nikasema.

"Wanaume," akasema. "Wanaanza kitu, wanakiacha njiani. Basi, sisi tutakipaka."

Siku ya ndoa tulikwenda alfajiri kumchukua bibi harusi kwa lori la Shikulu, kwa ndugu zake upande wa pili wa Kabuta, alikofundwa. Hiyo kweli ilikuwa desturi, sio ya kutungwa: dereva mkubwa kwa umri ndiye humleta bibi harusi, na bwana harusi, hata kama ana lori lake, haruhusiwi kugusa usukani siku hiyo. Hajichukulii mke kama gunia la muhogo. Shikulu alivaa koti la jeshi, kiangazi kile, jasho likimtiririka. Bibi harusi akapanda mbele kando yake. Sisi wengine nyuma, wanawake na watoto, mama yangu, mimi, ngoma mbili, na bakuli kubwa la kuku lililofunikwa, limepakatwa na shangazi mmoja ambaye hakukubali kulikabidhi kwa mtu. Nyuma yetu lilifuata lori la yule rafiki wa ng'ambo na jamaa wengine.

Jua lilikuwa limepanda, na barabara ilikuwa ya mchanga, inameremeta. Shikulu aliendesha taratibu. Tulikuwa tunaimba. Niliinuka kwenye ubao nione mbele, na nikakiona kichuguu cha bibi harusi, kilichokuwa bado chekundu tulipokipita alfajiri, sasa chote cheupe kuanzia chini mpaka kileleni, kimefungwa maua juu. Nilijivuna. Nilitaka kuwaambia watu kwamba hata hiki kinatokana na mimi.

Lori halikukata kulia. Lilikwenda moja kwa moja, likapita upande wa kushoto wa kichuguu, karibu mno hata pemba ikatupaka ubao wa pembeni, likaingia kwenye muhogo. Mashina yalivunjika chini yetu kama kuni. Likateremka bondeni, kwenye majimaji ambayo hayakauki hata Oktoba, likainama, likazama mpaka ekseli, likatulia. Injini ikazimika. Ngoma moja iliendelea kubingirika.

Hakuna aliyeumia. Naliandika hili mapema kwa sababu ningependa nami niambiwe mapema. Mtoto mmoja alichubuka goti. Shangazi wa kuku alikuwa ameketi kwenye matope mpaka kiunoni, bakuli juu ya kichwa, kifuniko hakijafunguka.

"Kuku mzima," akatangaza.

Shikulu alitoka, akasimama ameshika mlango. Nilimwona akiigeuza shingo huku na huku, kama mtu anayetafuta aliyemwita.

"Nimemkwepa mbuzi," akasema.

"Mbuzi gani, Ba Shikulu?" mwanamke mmoja akauliza, anakamua nguo. "Mbuzi wa Kabuta wote leo wako chunguni!"

Watu wakacheka. Walicheka sana, kwa hofu iliyokuwa inawatoka. Shikulu naye akacheka kidogo, akachelewa, akaacha kabla yao.

Rafiki yake wa ng'ambo alikuwa amefika mbio, tumbo mbele. Hakuja kwetu. Alisimama mbele ya kichuguu, akakigusa, akatazama kiganja chake kilichokuwa cheupe.

"Nani alipaka hii?"

"Sisi," akasema bibi harusi kutoka ndani, anafuta matope kwenye viatu. "Nyinyi mlikisahau. Si ndiyo desturi yenu? Mtoto alituambia."

Alinigeukia. Akapangusa kiganja kwenye suruali. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, akasema, "Njo vile. Njo desturi." Akaenda kumshika Shikulu mkono, na hapo, kwa jinsi alivyomshika, kwenye kiwiko, akimwelekeza mguu uende wapi, nikaelewa. Madereva wenzake walikuwa wakivipaka kwa ajili yake. Walipaka vya upande wa ziwa ili ajue: weupe uache upande wa maji, njia iko huku. Ndoa ilikuwa uongo wa kumnyamazisha mtoto. Na mimi nilikuwa nimeuchukua uongo ule, nikaupeleka Kabuta, ukapakwa upande wa mashamba, na Shikulu akauacha weupe upande wake wa kulia, wa ziwa, kama alivyofundishwa.

Bwana harusi alifika kwa baiskeli kutoka kanisani, suruali imefungwa kamba kwenye kifundo, ua bado liko kifuani. Lori la pili lilileta mnyororo. Wanaume walivuta, wanawake walisukuma, nguo za harusi zimekunjwa mpaka magotini, mtu akaanza tena kuimba. Lori lilipotoka, likitiririsha matope, kila mtu alimtazama Shikulu apande.

Alimpa kijana ile hendeli ya kuwashia.

"Lichukue," akasema. "Na mke wako mchukue."

"Hapana, Shikulu. Haifai. Mimi leo sigusi."

"Leo unagusa."

"Watu watasema."

"Watasema nini? Kwamba mzee alichoka, kijana akaendesha? Lini watu wamesema kingine?" Akamsukuma begani. "Hilo gia la pili linauma. Libembeleze."

Kisha akazunguka kwa kushika ubao, akapanda nyuma nasi. Sikuwahi kumwona nyuma ya lori lake mwenyewe. Wanawake walimpisha kama wanavyompisha padri. Aliketi karibu nami, na tulipoanza kwenda nikamwambia sikioni, kwa sababu sikuweza kufika kanisani nikiwa nalo, kwamba ni mimi. Ni mimi niliyemweleza bibi harusi habari za pemba.

"Wewe ulipaka?"

"Hapana. Nilisema."

"Ulisema kitu kizuri kwa mtu anayeolewa," akasema. "Hata mimi ningesema." Tukavuka daraja la magogo. Kisha akauliza, "Kile kichuguu. Walikipaka chote?"

"Chote, Shikulu. Mpaka juu."

"Basi," akasema. Akanipigapiga mkono. "Basi."

Jumatatu alikwenda mwenyewe kwa mwenye lori, kabla hajaitwa. Akapewa kigoda uani, kando ya yule mzee wa kwanza. Nilikwenda kumtazama nikiwa nimejiandaa kulia, nikakuta wanagombana. Shikulu alikuwa amekiweka kigoda chake kikiitazama barabara, na alikuwa anamlazimisha mwenzake ageuke naye. "Kwa mlio tu, mutu yeyote anaweza," alikuwa anamwambia, kwa Kiswahili cha barabarani ili achokoze vizuri. "Geuka. Tuone nani anakosea." Mzee yule aligeuka baada ya siku nne. Madereva waliopita walipiga honi kila mmoja kwa namna yake, na wawili hao wakabishana ni nani, mmoja akisikiliza na mwingine akisikiliza, maana kuona hakuna aliyeona.

Kwa muda mrefu niliwakasirikia wale madereva. Nilipokwenda kusoma chuo kikuu, pwani, mbali na ziwa letu, nilikuwa nikiliwaza lile lori na wote tuliokuwa nyuma, mama yangu, watoto wa watu, nikijiuliza ni mapenzi ya namna gani yanayomwacha mtu asiyeona aendeshe. Walipaswa kumwambia aache. Walipaswa kumshusha. Bado nadhani hivyo. Lakini nakumbuka pia mgongo wa yule mtu wa ng'ambo, umelowa jasho, Jumamosi yake ya kupumzika, na ufagio, na siwezi kuyaweka mambo hayo mawili kwenye sentensi moja ikakaa.

Mhadhiri mmoja alituambia kwamba desturi za watu wa vijijini hazina mwanzo unaojulikana. Niliinua mkono, nikaushusha. Barabara ya Kabuta siku hizi, dereva akioa, wenzake hupaka vichuguu vya upande wa ziwa na kile kikubwa cha kwenye kona. Ukiwauliza watakwambia ni ya mababu. Ziwa ndilo shahidi, wanasema.

Shikulu alikuwa ameshazikwa niliporudi likizo ya mwaka wangu wa mwisho. Bibi alikuwa anabambua karanga, nikakaa kumsaidia. Nikamuuliza lile swali la zamani, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba halitajibiwa: mtu anayeanza kupofuka, kinamtoka nini kwanza?

"Nyeupe," akasema bibi, hakuinua kichwa.

Nikaacha kubambua.

"Juani, kila kitu cheupe kilimpotea. Kikombe, mchanga, shati la mtu. Vyeusi na vyekundu aliviona. Vile vichuguu alikuwa anaviona, vyekundu vile, ndivyo vilivyokuwa vinamwongoza. Wakaja wenzake wakavipaka." Akapuliza maganda. "Alikuja hapa akaketi, akaniambia, mama, wameniondolea barabara yangu. Nikamwambia, waambie. Akasema, nitawaambiaje, walivyofurahi? Ndipo akaanza kuendesha polepole. Wao wakasema, mwone, sasa ametulia."

Aliniambia pia kwamba kwenye ile njia nzima, kutoka Kabuta mpaka Nchelenge, katika vichuguu vyote vya kwenye kona, kimoja tu walikuwa wamemwachia chekundu, kile cha mlangoni pa bibi harusi, kwa sababu kilikuwa upande wa mashamba.